Jogoo Juu ya Meza ya Madame Kimya

Enzi za Wabelgiji, pembeni ya gare, stesheni ya treni ya Kindu, kulikuwa na benchi la mbao nene zilizowahi kulala chini ya reli, na hakuna aliyewahi kulikalia akakosa la kusema. Mbele ya benchi Aziza, mjane wa Kiungwana, alichemsha kahawa ya tangawizi kwenye dele la marehemu baba yake na kuwatukana wateja wake kwa upendo. Wenyeji walikuwa watatu. Bruno aliitwa Filimbi, maana alipuliza filimbi ya treni mpaka pensheni ikamkuta, na hata sasa hakujua kusema polepole. Jacques aliitwa Gazeti, kwa kuwa alisoma magazeti ya kufungia samaki na kuyatangaza kuwa habari za leo asubuhi. Wa tatu, Kalume Bahari, alipakia mizigo kwenye meli za kwenda Ponthierville. Bahari yenyewe hajaiona, lakini ole wako umwulize. Na jioni jioni alikuja wa nne, Florentin Banza, fundi wa shemindefer, kampuni ya reli, na mpiga tarumbeta, mtu wa Katanga, mpole, anayefuta benchi kwa leso kabla ya kukaa. Siku ya kisa hiki alikuja mchana kweupe, wala leso hakuitoa.

Lilikuwa juma la fete, sikukuu ya muziki. Mji mzima ulikuwa unapuliza, unapiga na kukwaruza. Jumapili orkestre zote zingepanda jukwaani mbele ya wakubwa, na orkestre ya shemindefer ingekutana tena na ile ya Kalima, watu wa mgodi, wale waliowacheka mwaka uliopita mpaka wakashika matumbo, siku ngoma kubwa ya shemindefer ilipopasuka katikati ya wimbo. Na kwa ajili ya fete hiyo, nyumba ya vitabu ya watu weusi, bibliotèke, ilikuwa imepokea sanduku la diski za jazi kutoka Léopoldville. Mwenye karti aliazima moja, akaenda nayo kwake, akaisikiliza kwenye fono, kisha akairudisha ili mwingine naye achukue. Jambo hilo lilikuwa geni kabisa. Mzungu akupe kitu chake uende nacho nyumbani! Florentin alikuwa ameazima diski ya mpiga tarumbeta wa Amerika, mtu mweusi, na orkestre yake iliushika ule wimbo hata wanawake mtoni waliufulia nguo. Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya diski kurudi.

— Aziza, nipe kahawa, Florentin alisema. Hapana, maji. Hapana, kahawa.

— Umeona nini, baba?

— Nimeona jogoo.

Benchi lote likaangua kicheko.

— Kindu yote imejaa majogoo! Filimbi alipayuka. Weye unaona moja tu, damu inakimbia usoni?

— Iko juu ya meza ya Madame Kimya.

Kicheko kikakatika hapo hapo. Madame Kimya, jina lake la kwao Odile, ndiye aliyechunga nyumba ya vitabu. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kidole chake hakikuachana na midomo. Ukikohoa, kidole. Ukivuta kiti, kidole. Tena alikuwa kwenye juri ya fete, na yeye ndiye aliyesema nani apande jukwaani na nani abaki chini kutazama.

— Jogoo muzima? Kalume aliuliza.

— Muzima. Mwekundu, miguu imefungwa kamba. Amesimama juu ya diksionere, ile kitabu kubwa ya maneno ya Kifaransa, na amekunya.

— Amekunya diksionere! Gazeti akashika kifua. Herufi gani?

— Jacques! Filimbi alifoka. Muntu iko anaharibikiwa, weye unauliza herufi!

— Nauliza tu.

— Na si jogoo peke yake, Florentin aliendelea. Chini iko bata. Iko maboga. Iko chungu ya mboga ya sombe inatoa moshi. Kwenye kiti ya wasomaji iko samaki, ile kubwa, inapiga mukia. Banamuke, mama za watu, wamejaa mpaka kwenye ngazi, kila mumoja na diski mukono moja, na mukono wa pili kitu ya kula. Madame anapiga kelele. Madame Kimya! Miye sikujua ile mama iko na sauti.

— Mungu wangu, Aziza alisema. Na nani alianza?

Florentin alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama.

— Mama mukwe.

Hakuna mtu wa benchi lile asiyejua habari za Florentin na mama mkwe wake. Kwa Waluba, awe wa Katanga au wa Kasai, mama wa mke wako humtazami usoni, huli mbele yake, na kusema naye ana kwa ana ni aibu isiyofutika. Mama Ntumba alikuwa ametoka Kasai kuja kumkanda bintiye Kabedi, mke wa Florentin, aliyejifungua, na tangu siku hiyo Florentin alitoka nyumbani kwake kwa mlango wa mbele mama mkwe akiingia kwa mlango wa nyuma. Jumapili moja walikutana barabarani ghafla, na Florentin alijitupa kwenye mtaro wa gare na suti yake ya kanisani. Benchi zima lilishuhudia, na Filimbi alikuwa bado anaisimulia.

— Nilimwachia Kabedi diski airudishe, Florentin alisema. Kabedi alikuwa anapeleka mutoto kwa masista, kumupima. Basi mama akasema, leta, nitapeleka miye. Alivaa kikwembe safi, akakamata jogoo yake mwenyewe, ile alikuja nayo, akaenda. Wale banamuke wengine walikuwa wanangoja mulangoni na diski zao. Walipomwona muzee muzima anapiga magoti anatoa jogoo, wakaona haya, wakakimbia nyumbani kutafuta na wao.

— Na Madame anasemaje?

— Rushwa! Anasema shemindefer inataka kununua juri. Anasema nimetuma muzee wa watu ili miye nijifiche nyuma ya kikwembe yake. Anataka king'ora ya karakana isilie kabla sijamwelezea ile jogoo ni ya nini. Ikilia, Jumapili hatupande.

— Basi elezea!

— Nielezee nini, Bruno? Sijui! Kabedi atarudi jioni.

— Si umwulize mama mukwe mwenyewe?

Wote walimgeukia Filimbi. Aziza, ambaye si Muluba wala hana ukoo nao, aliliweka dele chini.

— Nimesema nini? Filimbi alijitetea. Nimesema tu.

Florentin alikaa. Mikono aliibana katikati ya magoti. Tangu mwaka jana midomo yake ilikuwa inavimba kila jioni kwa mazoezi ya Jumapili hii. Alijua hata mahali atakaposimama, upande wa kulia, ili watu wa Kalima wamwone vizuri. Na sasa kila kitu kilikuwa kimesimama juu ya diksionere na kamba miguuni.

— Sikilizeni, Gazeti alisema, akisafisha koo. Hii mambo iko nyepesi. Jirani anakuazima sahani na mboga ndani. Weye unairudisha tupu?

— Haiwezekani, Kalume alisema. Hata kwa mulozi mwenye anakuroga huirudishe tupu.

— Njo ile, ndiyo hiyo. Diski ni sahani. Mama amekula muziki, anarudisha sahani na kitu.

Likawaingia. Walitazamana, na polepole hofu ikaanza kupanda kwenye nyuso zao, maana kila mmoja alikuwa anahesabu moyoni.

— Laa ilaha! Aziza alijipiga paja. Mimi shemeji yangu alirudisha ile ya piano tupu kabisa! Tupu! Na ameaga kwa mkono mmoja!

— Miye nilirudisha kitabu, Gazeti alisema, akishtuka na maneno yake mwenyewe. Mwaka jana. Tena na ukurasa moja imetoka.

— Basi Florentin, nenda umwambie Madame ni desturi ya sahani, Kalume alisema. Imekwisha.

Florentin alitikisa kichwa.

— Alilia.

— Nani alilia?

— Mama mukwe. Henri wa pale bibliotèke ameniambia. Amepiga magoti, ametoa jogoo na mikono mbili, na machozi inatoka. Hakusema kitu, analia tu. Nani analia kwa kurudisha sahani?

Gazeti akachukua kahawa ya Kalume, akainywa.

— Nitawaambia miye, Filimbi alisema, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti, jambo lililowatisha kuliko makelele yake. Miye nimepuliza maisha yangu yote. Pumzi naijua. Pumzi ukiitoa imeenda, huioni tena. Sasa yule muntu wa Amerika, pumzi yake iko wapi? Iko ndani ya diski. Unafungua leo, iko. Unafungua kesho, iko. Weye unaweza kukaa bila pumzi yako?

— Hapana.

— Basi wamemufungia. Mama ameona. Analeta jogoo wamufungulie.

— Bruno, ogopa Mungu! Aziza alisema, lakini alijisogeza karibu.

— Si kumufungia, Gazeti alirukia, maana mawazo ya mwenzake yalikuwa yameanza kumzidi kimo. Ni kusikiliza! Kwa nini muzungu atoe kitu bure kiingie mpaka chumba ya kulala? Diski inazunguka, inazunguka, weye unafikiri inasema, kumbe inasikia! Inarudi Léopoldville, wanaifungua, wanasikia shemindefer yote inavyotukana machef, wakubwa wa kazi. Madame hakukasirikia mavi. Amekasirika sababu jogoo ataimba karibu na sanduku ya diski, na kule Brussels mukubwa mumoja ataruka kwenye kitanda!

— Yesu Maria, Florentin alisema. Miye nilimtukana chef de gare mbele ya ile diski.

— Mara ngapi?

— Sijui! Kila jioni!

Wakashika vichwa. Kalume Bahari, aliyekuwa amepokonywa kahawa yake na hakulalamika, akaanza kusema akiangalia upande wa mto.

— Wale weusi wa Amerika walitoka wapi? Walizaliwa na miti? Walichukuliwa huku. Na minyororo. Mama Ntumba ni muzee, babu zake walipotelewa na watu, kila nyumba ya Kasai na Maniema ilipotelewa na watu. Sasa anakaa nyuma ya nyumba, anapepeta muchele, anasikia sauti inatoka kwenye fono. Anaijua. Ni ya kwao. Ni ya mujomba aliyekamatwa.

Babu yake Aziza alikuja Maniema na watu wa Unguja, na kila aliyekalia benchi lile alijua watu wa Unguja walikuja kufuata nini. Walitazama vikombe vyao.

— Mnaniangalia nini? Aziza aliuliza.

— Hakuna mwenye anakuangalia, mama.

— Mnaniangalia. Nimeona. Kunyweni kahawa yenu, imepoa.

Akamimina, na kikombe cha kwanza akampa Kalume.

Ndipo Henri akatokea. Henri alikuwa plantoni, yaani tarishi, wa nyumba ya vitabu, kofia yake ya beji imekaa upande, kaptula ina doa lisiloulizwa limetoka wapi, na kwapani amebana jogoo mwekundu ambaye alimtazama kila mtu kwa dharau.

— Banza! Madame amepoa kidogo. Amekunywa maji. Anasema hivi: ukuje sasa hivi, mbele ya juri na mbele ya wale banamuke wote, ukamate jogoo yako. Useme, huyu muzee ni mushenzi wa pori, hajui bibliotèke ni kitu gani, na miye, muntu wa kustaarabika, niko na haya sababu yake. Ukisema vile, Jumapili mnapanda.

— Ni hivyo tu? Filimbi aliruka. Florentin, kimbia!

— Ni maneno, Gazeti alisema. Tena ya Kifaransa. Mama hata hayasikie.

— Hatakuwa pale, Kalume aliongeza. Nani atamwambia?

— Jogoo si umemleta huku, kwa nini Madame hakungoja? Aziza aliuliza.

— Ameniambia itoke, itoke, niitoe, Henri alisema. Anasema ikiimba tena pale ndani atapanda treni arudi Ulaya.

Florentin alisimama. Aliingiza shati ndani ya suruali, akafunga kifungo cha shingoni. Kusema kweli, sentensi ilikuwa imeshajipanga kichwani mwake kwa Kifaransa safi, kuliko hata anavyosema siku za kawaida, na ilimshangaza jinsi ilivyokuja bila kusita. Mushenzi. Wa pori. Niko na haya. Aliwaona kichwani watu wa Kalima wakishusha midomo. Akamnyooshea Henri mkono achukue jogoo.

— Kodi! sauti ya kike ilibisha hodi nyuma ya Aziza.

Florentin aligeuka upesi mpaka kofia ikamwanguka. Akabaki ametazama reli, mgongo wake kwa benchi, mabega juu. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Mama Ntumba alikuwa amesimama kando ya jiko, miguu ina vumbi mpaka magotini, na kikwembe alichovaa alikuwa amekishusha na kukifunga kiunoni, na kichwa hakikuwa na kilemba. Mwanamke wa Kikasai havai hivyo kuja gare. Alikuwa amemwona jogoo wake anabebwa mjini kwapani mwa mwanaume, akamfuata.

— Mama, alimwambia Aziza, kwa Kiswahili chake cha kuokota njiani, neno moja moja. Huyu jogoo anarudi. Wamemukataa?

— Karibu mama, kaa. Wamekataa nini, mama yangu?

— Kilio yangu.

Filimbi alifungua mdomo, Aziza akamtazama, akaufunga.

— Kila siku niko nyuma ya nyumba, Mama Ntumba alisema, nasikia yule muntu analia na tarumbeta. Anaanza polepole, anaita. Hakuna mwenye anajibu. Anaita tena. Binti yangu ananiambia, ni muntu mweusi, iko mbali. Nikasema, amefiwa. Kilio miye naijua. Na hawa vijana wanacheza! Wanapiga mikono, wanacheza juu ya kilio ya muntu! Nikafunika uso. Nikasema, msiba umeingia nyumba ya mukwe wangu, na hakuna mwenye ametoa hata kuni. Leo asubuhi nikachukua ile kitu nirudishe kwa wenyewe. Nikabeba jogoo, niende kutoa pole.

— Kwa Madame? Henri aliuliza, macho yamemtoka. Madame hakufiwa, mama! Pale ni bibliotèke!

— Mwanangu, usinifundishe. Niliingia ile nyumba. Watu wamekaa, vichwa chini, hakuna mwenye anasema. Hata mutoto mudogo hakuna. Yule mama wa nyumba ananiwekea kidole kwenye mudomo, kwamba usiongee, watu wako na uchungu. Njo matanga ile. Yao ni ya kimya, nikasema, labda ni desturi yao. Nikapiga magoti, nikalia nao.

Henri, aliyefanya kazi pale tangu mlango ulipopakwa rangi, alimtazama jogoo, akatazama kule nyumba ya vitabu iliko, na ilionekana wazi kwamba leo anaiona upya. Watu wamekaa, vichwa chini. Hakuna anayesema.

— Kumbe, alisema taratibu. Kumbe.

— Kwetu, Mama Ntumba alisema, pole ya muntu ukiikataa, umemwambia na yeye afe.

Florentin hakugeuka. Alikohoa kidogo.

— Aziza, alisema, akiiambia reli. Umwambie mama kwamba ile si kilio. Ni jazi. Ni muziki ya kucheza. Nimesoma hivyo nyuma ya karatasi yake.

— Mama, mkweo anasema...

— Nimesikia, Mama Ntumba alisema, akimtazama Aziza. Mama, umwulize yule mwenye anapeana mugongo. Yeye mwenyewe anaupuliza kila jioni, na miye natazama kwenye tundu ya ukuta, Mungu anisamehe. Akifika pale katikati, pale chini, anafunga macho. Kwa nini anafunga macho?

Aziza hakurudia swali. Hakukuwa na haja.

Florentin alijua kwa nini. Mahali pale katikati palimshinda siku nyingi. Noti zote alikuwa nazo na bado ulikuwa wimbo wa kujifunzia. Halafu jioni moja alipopuliza alimwona mtoto wao wa kwanza, wa kiume, waliyemzika Kongolo kabla kazi haijamleta Kindu, na sauti ikatoka yenyewe. Wenzake walimshangilia, wakampiga mgongoni. Jina la mtoto yule hakuna aliyelitaja nyumbani tangu walipohama. Kabedi hakulitaja. Yeye hakulitaja. Walibeba vyombo, wakapanda treni, na yeye akaenda kazini kesho yake. Kila jioni tangu siku ile alifunga macho, akamwona, akapuliza, na watu wakacheza.

— Miye sikufika Kongolo, Mama Ntumba alisema.

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, akajifuta uso kwa kiganja.

— Kongolo kuna nini? Gazeti alimnong'oneza Kalume.

— Nyamaza.

Henri alivuta beji yake, akahema. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi ilikuwa bado kiporo mkononi.

— Banza, ndugu yangu. Madame anangoja. King'ora iko karibu. Niseme nini?

Mabega ya Florentin yalishuka.

— Umwambie Madame asante. Jumapili shemindefer haipige. Tuko na kilio.

— Wee! Filimbi aliruka. Na Kalima je? Watasema tumeogopa!

— Waseme.

— Na wenzako wa orkestre? Kalume aliuliza. Wamefanya mazoezi mwaka muzima, Florentin. Watakula weye mubichi.

— Najua. Wakuje nyumbani, nitawaambia. Wakitaka kunipiga, wanipige. Halafu wakae.

— Weye umerukwa na akili, Gazeti alisema, na hakuna aliyemkatalia.

Florentin alinyoosha mikono yake miwili nyuma ya mgongo, viganja wazi, bado ametazama reli.

— Aziza. Chukua jogoo kwa Henri, umupe mama. Halafu mama akupe weye, na weye unipe miye.

Aziza alifuta mikono kwenye kanga. Alimchukua jogoo kwa Henri, akampelekea Mama Ntumba. Mama Ntumba alipiga magoti pale pale penye vumbi la gare, wapita njia wakisimama kutazama, akamwinua jogoo kwa mikono miwili, na midomo yake ikasema kitu cha Kikasai ambacho hawakukielewa. Aziza akampokea, naye akajikuta amepiga magoti bila kukusudia, akamweka jogoo kwenye viganja vya Florentin.

— Umwambie mama imefika, Florentin alisema. Umwambie tumepokea.

— Mama, anasema imefika.

Mama Ntumba aliitikia kwa kichwa. Kisha akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele, mkono kichwani, wanavyokaa wanawake penye msiba. Aziza akakaa ubavuni mwake. Filimbi alivua kofia, akaiangalia, akaiweka gotini. Gazeti na Kalume wakavua zao. Henri alitaka kuondoka, akapiga hatua, akarudi, akavua ile ya beji. Kule karakana king'ora kikalia kirefu, na hakuna aliyegeuza shingo.

Ndipo akapita mtu wa Kailo, mgeni kabisa pale, anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Alipowaona wamekaa hivyo, vichwa wazi, na mwanaume mmoja amewapa mgongo huku amekumbatia jogoo, alisimama, akavua kofia yake ya ukindu.

— Poleni sana, ndugu zangu, alisema. Nani amekufa?

Filimbi alimtazama Gazeti. Gazeti, aliyekuwa na jibu la kila kitu chini ya jua, alimtazama Kalume. Kalume alitazama mto. Henri alitazama beji yake, na Aziza alimtazama Florentin mgongoni, akaona kisogo chake kinatikisika. Florentin alifungua mdomo, jina la mtoto wake likafika mpaka kwenye meno, likakataa kutoka.

Mtu wa Kailo alingoja. Alipoona hakuna anayesema, aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa gare, akaja akakaa nao.